Istikhara si Ramli

Tumeletewa suali na mama mmoja wa hapa Junda, ambaye jina lake tumelisitiri kama alivyotaka. Asema ya kuwa binti yake, mwenye umri wa miaka 24, ameposwa na kijana wa Mtopanga, mtu wa sala na mwenye kazi yake, wala hakusikiwa kwa ubaya. Baba wa binti hakukubali wala hakukataa. Alichukua jina la kijana na jina la mamake, na jina la binti na jina la mamake, akayapeleka kwa mwalimu mmoja "awafanyie istikhara." Siku ya tatu jawabu likaja: nyota zao zagongana, mmoja ni moto na mwenziwe ni maji, na ndoa hii ikifungwa haitatimiza miaka 2. Binti naye, bila ya kuambiwa na mtu, aliondoka usiku akasali rakaa mbili, akaomba dua aliyofundishwa chuoni, na moyo wake ukatulia juu ya kijana yule. Mama auliza mambo mawili. Istikhara ipi ifuatwe, ya baba au ya binti? Na wakimwoza kisha kukatokea madhara, dhambi itakuwa ya nani?

Suali hili tulilisoma katika darsa yetu baada ya Magharibi, na tukaona nyuso za watu zikibadilika. Hapana shaka ni wachache mno waliokuwako pale ambao nyumba zao hazikupata kupitiwa na jambo kama hili. Kwa hivyo twajibu hapa kwa urefu kidogo, na tutakaposema kweli iliyo chungu, ndugu zetu watuwie radhi, kwani na sisi wenyewe hatukusalimika, kama tutakavyoeleza mbele.

Jawabu la suali la kwanza ni kwamba hapa pana istikhara moja tu, nayo ni ya binti. Ile ya baba ni ramli iliyovishwa kanzu.

Njia yenyewe yajulikana. Huchukuliwa jina la mtu na jina la mamake, herufi zake zikahesabiwa kwa abjadi, alifu ikawa 1, be ikawa 2, jimu ikawa 3, mpaka ghaini ambayo ni 1000. Jumla ikagawanywa kwa 12, na kinachosalia ndicho huambiwa buruji yake: hamali, thauri, jauza na nyinginezo. Kisha buruji hizo hupangwa kwa moto, udongo, pepo na maji, na hapo ndipo watu wawili waliokwisha kuridhiana huambiwa hawapatani. Twauliza suali ambalo hata mtoto wa chuo aweza kuliuliza: Kina Fatuma wangapi wako kutoka Kisauni mpaka Bamburi ambao mama zao ni kina Aisha? Wote hao nyota yao ni moja. Basi mbona mmoja ameolewa akazaa na kujukuu, na mwingine ameachwa mara tatu, na wa tatu hakuolewa kabisa? Na mtu ambaye nyumbani aitwa jina moja na katika cheti cha kuzaliwa limeandikwa jingine, mbinguni ana nyota mbili?

Wala hatusemi kwa kuidharau elimu ya nyota ya manahodha. Ile ni elimu ya haki, na Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratul An'am ya kuwa nyota amezijaalia ziwaongoze watu katika giza la bara na bahari. Lakini nyota ya nahodha humwonyesha kaskazini ni wapi. Haimwambii kama atarudi.

Jambo hili si geni katika mji wetu, na kukatazwa kwake si kwa leo. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Al-Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipokufa 1947, alitoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930 na gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawakemea watu wa Pwani kwa kuegemea mambo yasiyokuwa na asili katika dini. Yapata miaka 90 na zaidi imepita. Siku zile mtu alilazimika kuvuka maji ili amfikie mpiga ramli wake. Leo jina la bwana na la bibi hupelekwa kwa simu, na ada hutumwa kwa M-Pesa, na jawabu hurudi kabla chai haijapoa. Maendeleo tumeyapata, lakini tumeyatumia kwa kuufikia ujinga upesi zaidi.

Sasa na tutazame istikhara yenyewe. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Jabir bin Abdillah ya kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote, kama alivyokuwa akiwafundisha sura ya Qur'ani. Mtu akishaazimia jambo, asali rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha aombe. Na maana ya dua ile ni kuwa mja amwomba Mola wake amchagulie kwa ujuzi Wake, na amuwezeshe kwa uwezo Wake; akiri ya kuwa yeye hajui na Mungu ajua, yeye hawezi na Mungu aweza. Kisha alitaje jambo lake, na aombe: likiwa lina kheri naye katika dini yake na maisha yake na mwisho wa mambo yake, akadiriwe nalo, asahilishiwe na abarikiwe, na likiwa lina shari, liondolewe kwake, naye aondolewe kwalo, na akadiriwe kheri popote ilipo, kisha aridhishwe nayo.

Twaomba msomaji arudie kuipitia dua hii polepole, neno baada ya neno, naye atafute ni wapi mja aomba kuambiwa. Hatapaona. Mja akiri kwamba hajui, na baada ya kukiri haombi kujulishwa! Haombi aoteshwe ndoto, wala aone weupe au weusi, wala apewe habari ya miaka 2 ijayo. Anachoomba ni kitendo: nikadirie, nisahilishie, niondolee, niridhishe. Hii ndiyo tofauti baina ya istikhara na ramli, nayo ni kubwa kuliko tofauti ya halali na haramu peke yake. Mwenye ramli ataka kuichungulia ghaibu ili ajiamulie mwenyewe akiwa na habari. Mwenye istikhara amekubali kuiwacha ghaibu kwa Mwenyewe, naye akaendelea na safari yake akiwa hajui, ila amejua amemwachia nani.

Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na mishale yao ya kupigia bao, nayo imeharimishwa wazi katika Suratul Maida. Na kisa cha Suraqa bin Malik, kilichomo katika Bukhari, chatosha kutuonyesha tabia ya watu wa bao. Makureshi walitoa ahadi ya zawadi kwa atakayempata Mtume na Abubakar katika safari ya Hijra. Suraqa akapanda farasi akawafuata. Farasi akajikwaa, naye akaanguka, akatoa mishale yake akapiga bao, na likatoka lile asilolitaka. Akafanyaje? Akaiasi mishale, akapanda tena akaendelea, mpaka miguu ya farasi ikadidimia ardhini. Tazama basi. Mtu ambaye aliamini bao lake, lilipomkataza aliloliazimia alilitupa nyuma. Na ndivyo tuonavyo hapa kwetu: mwalimu wa kwanza akisema nyota hazipatani na mchumba ni tajiri, hutafutwa mwalimu wa pili.

Wapo wenye kusema, sisi hatutazami nyota, sisi twasali kisha twalala tungoje ndoto. Hawa wako karibu zaidi na haki, lakini nao wameongeza lisilokuwamo. Ibn al-Hajj, mwanachuoni wa Kimaliki aliyekufa mwaka 737 wa Hijra, katika kitabu chake Al-Madkhal amewalaumu wanaosali istikhara kisha wakasimamisha mambo yao mpaka waone ndoto, au mpaka mtu mwingine awaotee. Na ile riwaya ya kuirudia istikhara mara saba kisha kutazama kilichotangulia moyoni, Imamu Nawawi ambaye sote watu wa Pwani twasoma vitabu vyake, ameitaja katika Al-Adhkar na papo hapo akabainisha ya kuwa katika wapokezi wake wamo asiowajua.

Hapa ndipo tulipoahidi kusema habari yetu. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa bado twasoma, mvuvi mmoja wa pande hizi za hori alitujia akitaka tumlalie istikhara. Alikuwa na akiba yake kidogo, na mkewe amemtolea dhahabu zake, wapate kununua mashua iliyokuwa ikiuzwa. Tukasali, tukalala, tukaota tanga jeupe laingia kwa upepo mzuri. Asubuhi tukamwambia anunue. Hatukumuuliza mwenye kuiuza ni nani wala kwa nini auza. Hatukumwambia amwite fundi wa vyombo aigonge mbao kwa nyundo asikie mlio wake. Yote hayo tuliyaona ni madogo mbele ya ndoto, na twakiri kwamba tulifurahi pia kuonekana kijana ambaye amefunguliwa. Kusi haikuisha mashua ikaingia maji na kuzama. Mbao zake za chini zilikuwa zimeliwa na wadudu zamani. Mvuvi akaja mpaka barazani kwetu. Hakuja kwa ghadhabu. Alituuliza: "Ustadhi, kwani Mungu alinitakia nini?"

Ndugu wasomaji, hakutulaumu sisi. Alimlaumu Mola wake kwa ndoto yetu. Lau tungalimwambia, "Sisi twaona ununue," na ikazama, angalituona wajinga na mambo yangaliishia hapo. Lakini tulisema kwa jina la Mwenyezi Mungu jambo ambalo hakutuambia, na hasara ya mtu yule ikavuka mali yake ikaingia katika imani yake. Tangu siku ile hatukumlalia mtu istikhara. Tukikutana naye sokoni Kongowea hutusalimu vizuri sana, na hilo ndilo linalotuuma.

Twarudi kwa binti. Yeye alifanya lililo sunna, kwa nafsi yake, na katika jambo lake. Wala asiseme mtu ya kuwa binti hana istikhara mbele ya babake. Bibi Zaynab binti Jahsh, Mtume (s.a.w.) alipompelekea posa kwa ulimi wa Zaid, hakujibu papo hapo. Alisema ya kwamba hafanyi jambo mpaka atake shauri kwa Mola wake, akasimama kwenda mahali pake pa sala. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Muslim. Mposaji ni Mtume wa Mungu, na bado mwanamke akaenda kusali kwanza! Wala hakuambiwa amevunja adabu. Atakayelala nyumba ile na kuamka nayo ndiye mwenye kumwomba Mungu juu yake. Baba aombe, mama aombe, ni vizuri, nao waombe kheri kwa mtoto wao. Lakini ombi la baba halifuti la mwana.

Juu ya hivyo, hatutampa binti ushindi mzima, na hapa huenda mama akahuzunika. Utulivu wa moyo si wahyi. Nawawi amesema ya kuwa mtu baada ya istikhara afuate lile ambalo moyo wake umekunjukia, lakini wanachuoni wakatahadharisha asiutegemee mwelekeo uliokuwamo moyoni kabla ya kusali. Na binti mwenye miaka 24 aliyeposwa na kijana mzuri wa sura, moyo wake wapi ulikuwa kabla ya rakaa mbili? Yeye ajua zaidi. Izzuddin bin Abdissalam alisema ya kuwa mtu akishaomba, na afanye litakalompitikia. Nasi twaiona kauli hii kuwa nyepesi na salama zaidi: omba, kisha shika sababu, na njia itafunguka au itafungika.

Kushika sababu ndiko kulikokosekana katika kisa hiki chote. Siku nyingi zimepita, nyota zimehesabiwa, rakaa zimesaliwa, wala hakuna aliyevaa viatu akaenda Mtopanga kuuliza! Fatima binti Qays alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka shauri. Mtume hakumwambia akalale aote. Alimpa habari za watu: Abu Jahm hatui fimbo begani mwake, na Muawiya ni maskini asiye na mali, akamshauri aolewe na Usama. Hizo ndizo habari zinazotakiwa. Kijana yule asali wapi na nani? Ana deni? Mkono wake ukoje akikasirika? Ana mke mwingine mahali? Mamake amtunza vipi? Majirani zake wasemaje? Ghaibu ni ya Mungu, lakini Mtopanga si ghaibu.

Na sheria ya jambo hili baba aijue pia. Katika madhehebu yetu ya Kishafi, walii akimzuilia binti mume aliye kufu yake, ambaye binti mwenyewe amemridhia, bila ya sababu ya kisheria, huitwa aliyezuia kwa dhuluma, na kadhi aweza kumwoza binti kwa uwalii wake. Kugongana kwa nyota hakumo katika sababu za kisheria, popote utakapofungua. Hatutaki mtu akimbilie mahkamani kushtaki wazee wake. Wako ami na wajomba na wazee wa msikiti wa kusemea jambo. Tumelitaja ili ijulikane tu ya kuwa kauli ya mpiga ramli si kitu mbele ya kadhi, kama ambavyo si kitu mbele ya Mwenye kadhi. Na Muslim amepokea ya kuwa mwenye kumwendea mtabiri akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Wazee wetu wahesabu ni siku 40 ngapi wamekwisha kuzipoteza kwa ajili ya harusi za watoto wao.

Liko lingine ambalo mama hakulitaja, nasi twalitaja kwa kuwa limezidi. Wako watu ambao wamekwisha kukataa posa kwa sababu wazijuazo wao, mposaji hana mali, au ukoo wake hawautaki, au rangi yake. Kwa kuona haya kuisema sababu hutuma jawabu kwamba istikhara haikutoka nzuri. Maskini yule hurudi kwao akidhani amekataliwa na Mungu, kumbe amekataliwa na mjomba! Afadhali mtu aseme "hatukuwa tayari" akanyamaza. Na mwaka uliopita alitujia mtu akitaka tumfundishe istikhara ya kuamua kama ampe dada yake fungu lake katika shamba la minazi la mama yao, sasa ambapo ardhi ya upande huu imepanda bei. Tukamwambia ya kuwa shamba lile Mwenyezi Mungu amekwisha kuligawa katika Suratun Nisaa, na jambo alilokwisha kuliamrisha haliulizwi tena kwa rakaa mbili. Hakurudi darsani. Dada yake, twasikia, bado angoja.

Limesalia suali la pili, na hili ndilo lililotulaza macho. Wakimwoza kisha kukatokea madhara, dhambi ni ya nani?

Ikiwa waliuliza, wakashauriana, binti akaridhia, wakamwomba Mungu kisha wakamtegemea, hapana dhambi kwa yeyote. Ikiwa walipuuza kuuliza, dhambi ni ya kupuuza. Hili ni jepesi. Lakini twafahamu ya kwamba mama hakuuliza dhambi peke yake. Auliza, je, mtu akimwomba Mungu amchagulie, kisha akapata alilopata, Mungu alichagua nini?

Kila Ijumaa twasoma Suratul Kahf, nasi watu wa pwani yafaa tukitazame kile chombo. Mskini wale walikuwa wakifanya kazi baharini, akaja mtu wasiyemjua akaking'oa ubao. Musa (a.s.), naye ni Mtume, hakuvumilia. Baadaye akaelezwa: nyuma yao alikuwako mfalme akinyang'anya kila chombo kizima. Wengi husimama hapo, wakasema, umeona, kila balaa lina hikima yake, na mtu aliyefiwa au aliyeachwa akaambiwa hivyo kabla machozi hayajakauka. Sisi twaona liko jambo jingine pale. Aliyeelezwa ni Musa. Wenye chombo, Qur'ani haikusema ya kuwa walielezwa. Huenda waliziba tundu lao wakinung'unika, wakaendelea na kazi, wakafa wasijue ni nini walichookolewa nacho. Kwa hivyo hatumwahidi mama kwamba ataijua sababu. Dua ya istikhara nayo haikumwahidi. Ilimfundisha aombe kheri katika dini na maisha na mwisho, na huenda kheri ya dini ikapitia mahali ambapo maisha yanauma. Na neno lake la mwisho ni kuomba kuridhishwa, kwani aliyeifundisha alijua yako mambo ambayo mja hatayaridhia peke yake.

Tulikuwa tumekwisha kuandika mpaka hapa alipotujia mtu baada ya Alasiri ya Ijumaa, akakaa nasi barazani kimya kwa muda. Kumbe ni baba wa binti. Alikuwako darsani usiku ule suali liliposomwa, wala sisi hatukujua. Ametupa idhini tuyaandike haya. Hakuzungumza habari za nyota hata neno moja, nasi hatukumkumbusha. Alituuliza kijana yule wa Mtopanga asali msikiti upi, na imamu wake ni nani. Tukamwambia tunalolijua, akaaga, akaenda zake kungoja matatu.